Somo la Kiingereza: Kukana Mara Mbili

Leo nitawasimulia asili ya kosa moja mnalosahihishiwa kila mara.

Mwanafunzi anataka kusema, "Sijui lolote." Anaandika: "I don't know nothing." Mwalimu anapiga mstari mwekundu, kisha anaandika "anything" mahali pa "nothing". Mwanafunzi anaona haya, tena anadhani kosa hili ni la wageni peke yao. Sivyo. Waingereza wenyewe walisema hivyo kwa mamia ya miaka, na wengi wangali wakisema hivyo nyumbani kwao.

Mtazameni Chaucer, mshairi wao mkubwa, aliyekufa mwaka 1400. Katika kumsifu shujaa mmoja wa vitani kwamba hakumtolea mtu maneno machafu, ametia maneno manne ya kukana katika mistari miwili tu! Maana haikugeuka. Zamani zile neno la pili la kukana lilitia nguvu lile la kwanza, kama fundi apigaye msumari tena ili ushike. Shakespeare naye, miaka mia mbili baadaye, alikana mara mbili alipopenda.

Basi nani aliyekataza? Si mfalme wala bunge. Watu wa kalamu waliiacha desturi ile polepole wenyewe, kisha walimu wakaja kuifanya sheria. James Greenwood aliiandika mwaka 1711. Lakini aliyesikiwa zaidi ni Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London mwaka 1777. Sarufi yake, aliyoianza kwa ajili ya mtoto wake, ilipigwa chapa mwaka 1762. Katika chapa ya pili, mwaka 1763, akatia kanuni kwamba maneno mawili ya kukana huuana, ikabaki maana ya kukubali. Nionavyo mimi, hiyo ni hesabu zaidi kuliko lugha. Lakini bwana yule hakuogopa mtu: hata Shakespeare alimtafutia makosa. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, alitoa sarufi iliyochota mengi kwa Lowth, nayo ikaenea katika shule za Uingereza na Marekani.

Hivyo "I don't know nothing" ikawa alama ya mtu asiyesoma. Hapo ndipo penye shida. Ukiiandika katika barua ya kuomba kazi, mkubwa wa ofisi atafahamu vizuri sana maana yako, lakini huenda akaiweka barua kando. Magazeti nayo huisahihisha, isipokuwa yanapotoa maneno ya mtu kama alivyoyasema.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni kwa Kiingereza: "Sikuona mtu." "Hatukununua kitu." "Hajaenda popote." Kila sentensi itiwe neno moja tu la kukana. Kisha mwulizeni mwalimu: tukisema kwa Kiswahili, "Hakuna asiyejua," tumekana mara ngapi, na maana yake ni nini? Tutaanzia hapo katika somo lijalo. Kwa herini.