Dawa za Miti na Kifua Kikuu katika Nchi ya Wahaya

Makala haya yanahusu jambo ambalo sisi watumishi wa Kanisa katika Kagera tumelinyamazia kwa muda mrefu, yaani dawa za miti. Tunakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba kutafuta dawa ya kifua kikuu katika mimea ya asili ni kazi halali yenye masharti yake, na kwamba mchungaji anayenyamaza humwacha mgonjwa peke yake kati ya mganga na zahanati.

Robert Koch, aliyetangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu huko Berlin tarehe 24 Machi 1882, si mgeni katika historia yetu. Mwaka 1898 alithibitisha kwamba maradhi yaliyoua watu Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, yalikuwa tauni. Kisha, mwaka 1906 na 1907, aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese kwa dawa iitwayo atoxyl, na baadhi yao wakapofuka. Kumbe hata dawa ya mtaalamu mashuhuri hudhuru isipopimwa vya kutosha.

Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, walimkuta omufumu. Mara nyingi mtu huyo mmoja alijua majani na mizizi, na pia alipiga ramli. Kanisa lilikataa ramli, nalo lilikuwa na sababu. Lakini pamoja na ramli, majani nayo yalitiwa shaka. Hata leo, kuanzia Kahororo hadi vijiji vya Muleba, muumini huchuma omubilizi kando ya migomba mchana kweupe, bali kwa mganga huenda kwa siri, na mchungaji wake hapati habari.

Wakati huohuo tiba ya hospitali iliendelea. Streptomycin ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa kijidudu cha udongoni, na isoniazid ikaanza kutumika mwaka 1952. Mwaka 1977 Tanzania, ikisaidiwa na Dakta Karel Styblo, ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu ambao baadaye ulikuwa kielelezo kwa ulimwengu. Lakini mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Kinga ya mwili ilipodhoofika, kifua kikuu kilipata nafasi mpya.

Hapo ndipo watafiti walipowaendea waganga. Mwaka 2007 D. P. Kisangau na wenzake walichapisha orodha ya mimea 75 iliyotumika Bukoba Vijijini kutibu magonjwa yanayoandamana na UKIMWI. Nao Mainen Moshi wa Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili na wenzake walichapisha taarifa za Bugabo mwaka 2009, Katoro mwaka 2010, na Kikuku wilayani Muleba mwaka 2012.

Kazi ya namna hii ni ya polepole. Gome hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika kimiminika kama spiriti. Kisha maji yake hujaribiwa juu ya bakteria. Bakteria wa kifua kikuu ana ukuta wenye nta usiopenyeka kwa urahisi, naye hugawanyika mara moja tu kwa siku au karibu na hapo. Kwa hiyo maabara nyingi huanza na jamaa zake wasio hatari. Baadaye kemikali iliyomo hutengwa, na hupimwa kama ina sumu kwa binadamu.

Basi tusikosee hapa. Mmea unaoua bakteria katika chupa bado haujamponya mtu. Kikohozi kikitulia, si ushahidi kwamba kifua kikuu kimepona. Ushahidi ni makohozi yaliyopimwa. Anayekatiza vidonge vyake kabla ya miezi sita kutimia huweza kurudi na bakteria sugu, na kuwaambukiza wa nyumbani mwake.

Jambo hili linatugusa sisi Walutheri. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, marehemu Ambilikile Masapila. Wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa. Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Tunajiuliza ni wangapi kati yetu waliowaambia washarika wao waendelee na vidonge.

Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la Hezekia, wala hakuona kwamba tini zinashindana na maombi. Nasi hatuna budi kutenganisha jani na ramli. Tumwulize mgonjwa waziwazi anakunywa nini, bila kumtisha kwa nidhamu ya Kanisa, na tumsindikize kupimwa. Tena tumtetee mganga: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua, na ni haki kwamba elimu yake ikizaa dawa, jina lake na kijiji chake visisahauliwe. Mgonjwa akiweza kusema ukweli mbele ya mchungaji wake, atausema pia mbele ya daktari, na huenda hilo likayaokoa maisha yake.