Visukuku vya Vijito Vyetu, na Thamani ya Kikaratasi

Mhariri alipotuomba makala za historia, nadhani alitaraji habari za walimu wa zamani, za timu ya mpira na za ujenzi wa mabweni. Habari hizo zina waandishi wake. Mimi naomba nafasi nieleze historia ya sanduku la mbao lililo juu ya kabati katika chumba cha jiografia. Katika ajenda za mkutano wetu wa mwaka huu limo jambo la kukikarabati chumba hicho, na wapo ndugu zetu wanaosema kwamba yale mawe ya sandukuni yatupwe. Kabla hatujanyosha mikono kupiga kura, yafaa tujue ni mawe gani.

Mawe yale ni visukuku, yaani mifupa na meno ya wanyama wa kale ambayo yalifukiwa na matope, yakapenywa na madini, hata yakawa jiwe. Yaliletwa shuleni na wanafunzi waliotoka sehemu za Ludewa na Songea, kutoka katika makorongo na vijito vinavyoingia mto Ruhuhu, ule umwagao maji yake katika Ziwa Nyasa. Miamba ya bonde lile ni mchanga na matope ya mito iliyokauka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Kila masika maji huzichimba kingo, na kila kiangazi huonekana kitu ambacho mwaka wa jana hakikuonekana. Tuliporudi kutoka likizo, wengine walileta karanga, wengine samaki wakavu wa ziwani, na wachache walileta mawe mfukoni. Mwalimu wetu wa jiografia aliyapokea yote, isipokuwa karanga, ambazo alizila.

Ninyi wanafunzi wa leo huenda mkauliza: mtu ajuaje kwamba jiwe hili ni mfupa? Zipo alama. Kwanza, tazameni pale lilipovunjika. Jiwe la kawaida ni chembechembe au ni laini tupu, lakini mfupa una ganda gumu kwa nje na vitundu vidogo kwa ndani, mithili ya mkate. Pili, umbo: mfupa una kichwa cha kiungo, una tundu la mshipa, una pande mbili zinazolingana. Jino hung'aa hata baada ya mamilioni ya miaka. Tatu, ipo mbinu ya wazee wa kazi hii, ya kuligusa jiwe kwa ncha ya ulimi: aghalabu mfupa wenye vitundu hunata. Mbinu hiyo siwasifii sana, kwa maana kijitoni hunywa ng'ombe pia.

Kuutambua mfupa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua ulikotoka. Kipande kilichoviringika kama kokoto kimesafiri mbali na maji, lakini chenye kingo kali hakijaenda mbali na kwao. Basi mtafutaji hupanda kijito, akihesabu vipande, mpaka afike mahali ambapo havionekani tena. Hapo hugeuka, akautazama ukingo na mteremko ulio juu yake, kwa sababu tabaka lililozaa mifupa liko karibu. Tabaka ndilo linalotoa umri. Mfupa usiojulikana tabaka lake ni kama barua isiyo na tarehe wala jina la mwandishi.

Sasa niwape mfano wa kweli kutoka bonde hilohilo. Miaka ya 1930 ilipoanza, mjiolojia wa serikali ya Tanganyika, G. M. Stockley, alichunguza makaa ya mawe ya Ruhuhu, akakuta na mifupa. Mwaka 1933 akaja F. R. Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Miongoni mwa alivyokusanya kulikuwa na mifupa ya mnyama mmoja mla nyama, mwenye shingo ndefu, ambaye hakufanana na yeyote aliyejulikana. Mifupa ikaenda Uingereza. Miaka ya 1950 mtaalamu Alan Charig aliichunguza, akamwita mnyama huyo Teleocrater, lakini jina hilo lilibaki katika tasnifu yake bila kutangazwa rasmi. Viungo muhimu havikuwapo, hasa vifundo vya miguu, na bila vifundo ilikuwa vigumu kusema huyu ni wa ukoo gani. Charig alifariki mwaka 1997 fumbo likiwa bado fumbo.

Lakini Parrington alikuwa ameacha maelezo mafupi: mifupa ile ilitoka kusini ya mto Mkongoleko. Maneno manne! Mwaka 2015 watafiti walichimba jirani na hapo, wakapata mifupa mingine ya mnyama yuleyule, pamoja na vifundo. Mwaka 2017, miaka 84 baada ya Parrington, Teleocrater alitangazwa rasmi, na ikadhihirika kwamba alitoka katika tawi la mwanzo kabisa la ukoo uliozaa dinosaria na ndege, ingawa vifundo vyake vilikuwa kama vya mamba. Mifupa ya zamani iko London, na ile mipya ni ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Laiti kikaratasi kile kingepotea, pande hizi mbili zingekutanaje?

Bonde letu limetoa na mengine. Mwaka 2010 alitangazwa Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dinosaria, ambaye jina lake nusu ni Kiswahili chetu: asili, na kongwe. Na huko Rukwa, mwaka 2004, watafiti waliona mifupa katika ukingo mrefu juu ya mto Mtuka, mto ambao hukauka kiangazi. Walichimba kwa miaka kadhaa, na mwaka 2019 dinosaria huyo akapewa jina Mnyamawamtuka moyowamkia. Mswahili yeyote aweza kulisoma: mnyama wa Mtuka, mwenye mfano wa moyo katika mifupa ya mkia. Mto mdogo usiojulikana hata mkoa wa pili sasa unatajwa na wanasayansi wa dunia nzima.

Kikaratasi huhifadhi na jina la mtu. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mamia ya watu wetu walichimba, na wengine walibeba mizigo kwa miguu hadi bandarini. Wengi wao hatuwajui kwa majina. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, anajulikana kwa sababu aliandikwa, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa huko aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Nirudi kwenye sanduku letu. Nilipolifungua mwaka jana kwa idhini ya mkuu wa shule, niliona kwamba vipande vingi havina maelezo yoyote. Lakini 19 kati ya hivyo vimefungwa kila kimoja kwa uzi na kikaratasi, mwandiko wa penseli, herufi zimesimama wima. Wenzangu wa darasa letu watautambua mwandiko huo mara moja. Ni wa mwenzetu aliyetangulia mbele ya haki, yule ambaye baba yake alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika, na ambaye tulimcheka kwa kuandika hata idadi ya viberiti vyake. Kila kikaratasi kina jina la kijito, upande wa ukingo, hatua kutoka kivukoni, tarehe, na jina la aliyeokota. Mara nyingi aliyeokota si yeye. Ni mdogo wake, au mchunga mbuzi wa jirani, na majina yao ameyaandika kamili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye hakupenda mali yoyote ipotee.

Kwa hiyo natoa hoja mbili. Kwanza, sanduku lisitupwe, bali likabidhiwe Makumbusho ya Taifa kwa hati, vikaratasi vikiwa mahali pake, na shule ibaki na nakala ya maelezo yote. Hata vipande visivyo na maelezo vipelekwe, wataalamu ndio waamue. Pili, vijana wa sasa wasianzishe sanduku jingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda visukuku, na kuvitafuta au kuvichimba kunahitaji kibali. Ukiona mfupa kijitoni, uache ulivyo. Andika jina la kijito, upande wa ukingo, tarehe, na nani aliyeuona kwanza. Kisha toa taarifa kwa mwalimu na kwa serikali ya kijiji, wao waifikishe kwa wahusika. Nawaomba pia msiuze hata kipande kimoja kwa mpita njia mwenye gari zuri. Mfupa uliouzwa hauna mto tena.

Siku ya mkutano nitaviweka mezani vikaratasi 19, kila mmoja wetu avisome kabla ya kura.