Chuo Kilichomlea Aggrey

Msafiri wa Maungu anayekwenda Wundanyi hupita Voi, akashika barabara ya Taveta hadi Mwatate, kisha akaanza kupanda milima. Huko juu iko Shule ya Upili ya Dr. Aggrey, na jina hilo limetoka mbali: Pwani ya Dhahabu, ndiyo Ghana ya leo, kisha Salisbury, mji wa jimbo la North Carolina, Marekani, penye Chuo cha Livingstone.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1879 na wachungaji wa Kanisa la AME Zion, kanisa la Wamarekani Weusi. Ilikuwa miaka 14 tu tangu utumwa ukomeshwe nchini humo. Fedha zilikuwa haba mno, na kilichokiokoa ni ulimi wa Joseph Charles Price, kijana ambaye baba yake alikuwa mtumwa. Mwaka 1881 Price alikwenda London kwenye mkutano wa Wamethodisti, akabaki Uingereza akihutubia mji hadi mji, akarudi na takriban dola 10,000. Mwaka uliofuata chuo kilifunguliwa upya Salisbury, naye akiwa mkuu wake kabla ya kufikisha miaka 30. Jina la David Livingstone kilipewa baadaye.

Wavulana na wasichana walisoma pamoja. Kilatini na Kigiriki vilifundishwa sambamba na useremala, uchapaji na ushonaji, na ushonaji huo ndio ulioingia katika historia ya michezo. Desemba 27, 1892, Livingstone ilicheza na Chuo cha Biddle cha Charlotte mechi ya kwanza ya futiboli ya Kimarekani baina ya vyuo vya Weusi. Sare za Livingstone zilishonwa na wanafunzi wake wa kike. Theluji ilianguka ikafunika mistari ya uwanja, na William Trent wa Livingstone alipofika na mpira mwisho wa uwanja, Biddle walidai alikuwa ametoka nje. Mwamuzi akakubaliana nao, Biddle wakashinda. Trent huyo huyo alikuja kuwa mkuu wa chuo mwaka 1925.

Ubishi mzito zaidi ulihusu elimu yenyewe. Mtoto wa aliyekuwa mtumwa afunzwe nini kwanza, ufundi au vitabu? Booker T. Washington wa Chuo cha Tuskegee alitanguliza kazi za mikono. Price hakuudharau ufundi, lakini alikataa katakata Mweusi afungiwe mlango wa elimu ya juu, na chuo chake kikausimamia msimamo huo hata baada ya kifo chake mwaka 1893.

Ndiko alikofika James Emman Kwegyir Aggrey, akitoka Pwani ya Dhahabu, mwaka 1898, mwaka ambao simba wa Tsavo walikuwa wakiwatafuna wajenzi wa reli upande wa pili wa Voi. Alihitimu mwaka 1902, akabaki kufundisha hapo hapo kwa takriban miaka 18.

Mwaka 1924 alikanyaga Kenya na tume ya Phelps-Stokes iliyokuja kuchunguza elimu ya Waafrika, naye akiwa Mwafrika pekee miongoni mwa wajumbe. Swali la mikono na vitabu lilikuwa likiwangoja huku pia, safari hii likiulizwa na serikali ya kikoloni, wamisheni na walowezi.