Ukibonyeza, Nani Anakuja?

Baba yangu alikuwa soja kwa miaka kumi na moja. Sio wa jeshi, soja wa geti. Kampuni ilimpa koti zito, kofia, rungu, tochi na filimbi. Baadaye wakamwongezea kidude cha plastiki cha kuvaa shingoni, chenye kitufe kimoja chekundu. Maagizo yalikuwa mafupi: ukiona kitu, bonyeza.

Usiku mmoja wa Novemba 2018, kwenye boma fulani kule Lavington, aliona kitu. Wanaume wanne walikuwa wameruka ukuta wa nyuma. Akabonyeza. King'ora kikalia juu ya paa mpaka mtaa mzima ukaamka. Taa za majirani ziliwaka, halafu zikazimwa. Gari la kampuni lilifika baada ya dakika hamsini hivi. Wezi walikuwa wameshaenda na Baba alikuwa amelala kando ya geti, mkono umevunjika mahali pawili. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa soja wa geti la pili, mzee wa Kitui, aliyekuja mbio na rungu lake. Hakuitwa na king'ora. Ving'ora vya mtaa huo vililia kila wiki, na alishavizoea. Alisikia Baba akipiga nduru.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Mkono haukupona vizuri, kazi ikaisha, karo ikaisha, nami nikarudi nyumbani. Kwa hivyo nikisikia mtu akiuliza kama kuweka alamu nyumbani kuna maana ama ni kutupa pesa, swali hilo silichukulii kama la mtu anayechagua rangi ya pazia. Nimetumia muda mwingi nikisoma historia ya kidude kile. Nilichogundua ni kwamba kwa muda mrefu sana alamu haikuwa kidude. Ilikuwa mapatano kati ya watu.

Methali yetu inasema ikilia mbiu ya mgambo, kuna jambo. Mbiu ilikuwa pembe. Ikipigwa, watu wa mji walitoka kusikiliza, kwa sababu kulikuwa na habari inayowahusu wote. Wajaluo wana nduru. Wakikuyu wana mbu. Ukisikia sauti hiyo usiku hukuuliza ni ya nyumba gani na kama wamelipia mwezi huu. Ulishika ulichoshika ukatoka. Asiyetoka alikumbukwa siku yake ya shida ikifika.

Usidhani hili ni jambo la Waafrika peke yao. Mwaka 1285 mfalme Edward I wa Uingereza alipitisha Sheria ya Winchester. Kila geti la jiji lilindwe usiku na watu sita. Vichaka vikatwe futi mia mbili kila upande wa barabara kuu, mwizi asipate pa kujificha. Na mtu akiibiwa, apige kamsa, na kila anayeisikia amfuate mhalifu, kutoka kijiji hadi kijiji. Wasipompata, wakazi wa eneo lile wote walibeba hasara. Hebu fikiria sheria hiyo Lavington. Jirani anayewasha taa, akachungulia, akazima, angelipa ile televisheni iliyoibiwa.

Mapatano haya yalianza kugeuka bidhaa mwaka 1853. Mchungaji mmoja wa Somerville, Massachusetts, aitwaye Augustus Pope, alipata hataza ya alamu ya umeme. Aliunganisha milango na madirisha na betri kwa waya. Ukifungua dirisha, umeme unapita, sumaku inatikisa nyundo ndogo, nyundo inagonga kengele. Na ukilifunga haraka, kengele inaendelea kulia tu. Mwaka 1857 mfanyabiashara aitwaye Edwin Holmes alinunua haki za uvumbuzi huo, na miaka miwili baadaye akahamia New York, akiamini wezi wa nchi nzima wanaishi huko. Soko, kwa lugha nyingine.

Holmes ndiye aliyebadilisha kila kitu, kuliko hata Pope. Badala ya kengele kulia nyumbani kwako tu, waya zilipelekwa mpaka ofisi moja, ambako mfanyakazi alikesha akisubiri ishara. Waya hizo zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 1877, kule Boston, zilitumika kuunganisha simu za kwanza za Bell kupitia kituo kimoja. Kwa hivyo kituo cha simu ni mtoto wa kengele ya wezi.

Lakini angalia kilichotokea hapo. Zamani kamsa ilisikika na kila mtu, na kila mtu alidaiwa jibu. Sasa kamsa ilisafiri kimya chini ya ardhi na juu ya nguzo, ikamfikia mtu mmoja aliyelipwa kuisikia. Jirani akaachiliwa. Hakufanya kosa lolote, kwani hakusikia kitu.

Nairobi nayo ilizaliwa mwaka 1899 kama kambi ya reli, na usalama wake tangu mwanzo ulikuwa wa kuamua nani ni wa hapa na nani anapita tu. Wenye nyumba kubwa waliajiri wanaume wa Kiafrika kuwalinda usiku. Serikali hiyo hiyo, kuanzia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume hao hao kutembea na kipande: karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kijisanduku cha chuma cha kuning'inia shingoni. Mlinzi na mshukiwa walikuwa mtu mmoja. Siku Baba alipokuja nyumbani na kile kidude, nakumbuka kilivyoning'inia. Sikuwa najua habari za kipande wakati huo. Sasa siwezi kuona kimoja bila kingine.

Mtu aliyeelewa shida ya alamu kuliko wote hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa nesi. Marie Van Brittan Brown aliishi Jamaica, mtaa wa Queens, New York, pamoja na mume wake Albert, fundi wa elektroniki. Walikuwa watu weusi katika mtaa wenye wizi mwingi, ambako polisi walichelewa kufika. Saa zao za kazi hazikulingana, kwa hivyo mara nyingi Marie alikuwa peke yake nyumbani. Tarehe 1 Agosti 1966 waliomba hataza. Mlango ungekuwa na matundu manne ya kuchungulia, kwa watu warefu na wafupi. Kamera ingepanda na kushuka kutoka tundu hadi tundu, ikituma picha kwenye televisheni chumbani. Kungekuwa na maikrofoni za kuongea na aliye nje, kifaa cha kufungua mlango ukiwa mbali, na kitufe cha kuita msaada. Walipewa hataza tarehe 2 Desemba 1969. Kamera za mlangoni unazoona leo zinafuata wazo lile lile.

Soma tena orodha hiyo. Karibu kila sehemu yake inampa Marie nafasi ya kujua mapema na kuamua mwenyewe, akiwa bado nyuma ya mlango uliofungwa. Kitufe cha kuita msaada kipo, lakini hakuweka maisha yake yote juu ya kitufe. Alijua anayeitwa huchelewa. Baba yangu alipewa kitufe tu, na akawekwa upande wa nje wa mlango.

Basi alamu hufanya kazi? Kuna utafiti unaotajwa sana na wauzaji, na ni wa kweli. Chuo Kikuu cha North Carolina kule Charlotte kiliwahoji wezi 422 waliokuwa gerezani katika majimbo matatu ya Marekani. Takriban asilimia 83 walisema kabla ya kuvunja nyumba wangejaribu kujua kama ina alamu, na karibu asilimia 60 walisema wakiikuta wangetafuta nyumba nyingine. Ambacho wauzaji hawakwambii ni kwamba utafiti huo ulifadhiliwa na taasisi ya tasnia ya alamu. Sisemi ni uongo. Nasema hata ukiukubali wote, unakwambia kwamba alamu humsukuma mwizi mwenye haraka aende kwa jirani. Haukwambii kitakachotokea kwa wanne walioshapiga hesabu ya gari litachukua muda gani.

Na hesabu hiyo si ngumu, kwa sababu alamu hudanganya. Paka anapita, stima inapotea na kurudi, mwenye nyumba anasahau nambari zake. Huko Marekani, idara za polisi zimekuta tena na tena kwamba zaidi ya asilimia 90 ya miito ya alamu ni ya bure. Mji wa Salt Lake City ulichoka. Desemba 2000 uliamua kwamba polisi hawatatoka kwa sababu ya king'ora cha wizi peke yake, mpaka mtu athibitishe kwa macho kuna tatizo. Miito ya alamu kwa polisi ikashuka kwa karibu asilimia 90. Kwa maneno mengine, polisi walisema wazi kile majirani wa Lavington walisema kwa kuzima taa.

Hapa kwetu kuna fundo lingine. Soja wa kampuni binafsi Kenya hana bunduki. Gari linaloitwa na alamu huhitaji polisi mwenye silaha ndani yake, la sivyo linawaletea wezi watu wengine wawili wenye rungu. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Ni hatua. Lakini unaponunua alamu Nairobi bado unanunua foleni: soja, chumba cha redio, dereva, polisi, na jam ya barabarani. Kila mmoja akichelewa kidogo, jumla yake ni dakika hamsini.

Sasa hapa ningetaka kusema turudi kwenye nduru na mambo yataisha. Siwezi. Sasa tunaishi Kayole, na Kayole nduru inajibiwa. Mwaka jana mtu alipiga kelele za "mwizi!" saa tano usiku, na kabla sijavaa viatu watu thelathini walikuwa nje. Walimshika kijana mmoja. Walikuwa na mawe, na kulikuwa na mtu ameenda kutafuta petroli. Kijana alikuwa anatoka kazini, amekosea ploti. Aliokolewa na mama wa mboga aliyemtambua. Ile sheria ya 1285 haikutueleza kamsa ikifika kwa watu wenye hasira ya miaka mingi inakuwaje. King'ora cha paa angalau hakichomi mtu.

Nilimuuliza Baba kama angekuwa na pesa angeweka alamu. Alikaa kimya kidogo, akishika ule mkono.

"Ile kitu ilifanya kazi yake," akasema. "Ililia. Ni watu hawakufanya yao."

"Kwa hivyo ungeweka?"

"Ningeuliza kwanza nani anakuja. Na anakuja na nini. Na ningebonyeza usiku kama hakuna kitu, nihesabu dakika."

Nadhani hilo ndilo jibu, na ningemwambia yeyote anayepanga kulipia. Kama kampuni inaweza kukuonyesha ni nani anakuja na ikakubali uwapime kwa saa yako, alamu ina maana. Inamfukuza mwenye haraka, na asiye na haraka inampunguzia muda. Kama hawawezi, pesa hizo zinunue kufuli nzuri, taa ya nje na mlango ambao unaweza kuona aliye nje bila kuufungua, kama wa Marie. Na kama umeajiri soja, usimpe kitufe tu. Mpe mahali pa kujifungia baada ya kukibonyeza. Hakuna televisheni yenye thamani ya mkono wa mtu.

Kwenye ploti yetu, baada ya usiku ule wa kijana, Baba aliitisha mkutano pale chini kwa ngazi. Tuko nyumba kumi na sita. Walikubaliana kila mtu awe na nambari za simu za wenzake, na anayeshikwa afungiwe kwenye stoo ya chini mpaka polisi wafike, asiguswe. Baba ndiye anakaa na ufunguo wa stoo. Filimbi yake ya kazi bado anayo, imening'inia kwa msumari nyuma ya mlango. Ameonyesha kila mtoto wa ploti jinsi ya kuipiga, na amewaambia asiyekuwa na shida asiiguse.