Joy Adamson: mchoraji aliyemlea Elsa

Mwaka 1937 mwanamke wa miaka 27 alipanda meli Ulaya akaja Kenya. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Friederike Victoire Gessner, mzaliwa wa mji wa Troppau, ambao siku hizi unaitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Cheki. Mumewe, Viktor von Klarwill, alikuwa Myahudi wa Austria, na Wayahudi wa huko walikwisha kuanza kuona giza linakuja. Akamtanguliza mkewe aangalie kama Kenya inafaa kuhamia.

Melini bibi huyo alikutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea. Ndoa yake na Klarwill ikavunjika. Mwaka uliofuata aliolewa na Bally, na ni Bally aliyeanza kumwita Joy.

Hadi wakati huo alikuwa amejifunza mambo mengi pasipo kukaa na hata moja: piano, ushonaji, uchongaji. Kenya ndiyo iliyompa kazi. Bally alipokuwa akizunguka kukusanya mimea, Joy aliketi na kuichora kwa rangi, ua kwa ua, kila jani na kila mshipa wake, kabla halijanyauka. Michoro hiyo ilifika mamia, na mwaka 1947 ikampatia medali ya dhahabu ya Grenfell kutoka chama cha kifalme cha wakulima wa bustani cha Uingereza. Watu wengi wanaomjua Joy Adamson hawajui habari hii, na kwangu ndiyo ufunguo wa maisha yake yote. Simba alikuja baadaye. Kwanza lilikuja jicho lililozoea kukitazama kiumbe kimoja kwa muda mrefu bila kuchoka.

Mwaka 1944 aliolewa mara ya tatu, na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyesimamia nchi kavu ya kaskazini, makao yake Isiolo. Kutoka huko Joy aliingia katika kazi ambayo mimi naiweka juu ya zote. Serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa Kenya katika mavazi na mapambo ya jadi, ambayo tayari yalikuwa yakiachwa. Alisafiri miaka kadhaa, akachora picha zaidi ya 500: wazee, maharusi, vijana waliotoka jandoni, waganga na vifaa vyao. Ni kweli kwamba aliyeagiza alikuwa mkoloni, na aliyeketi kuchorwa hakuulizwa picha yake itakaa wapi. Hata hivyo, shanga zimechorwa kwa mpangilio wake, na nyuso ni za watu halisi wenye haya, kiburi au uchovu wao. Kitabu cha picha hizo, The Peoples of Kenya, kilitoka mwaka 1967, na nyingi ya picha zenyewe ziko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ningependa kila mtoto wa shule azione. Humo atakuta mavazi ambayo bibi zake waliyavaa na yeye hajapata kuyaona.

Februari 1, 1956, George alimpiga risasi simba jike aliyemvamia akiwa kazini. Kumbe alikuwa na watoto watatu, wadogo mno, waliofichwa katika ufa wa mwamba. Akawaleta nyumbani. Wawili wakubwa walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, akabaki yule mdogo kuliko wote, Elsa. Tusimsahau Nuru, mtumishi wa nyumba ya Adamson, aliyekabidhiwa watoto hao na kushinda nao mchana kutwa. Joy mwenyewe anamtaja katika kitabu chake kuhusu Elsa, lakini dunia iliyomshangilia Joy haikumkumbuka Nuru.

Kumlea simba hakukuwa jambo geni. Jambo geni lilikuwa kumrudisha porini. Jaribio la kwanza, upande wa Mara, lilishindikana kwa sababu Elsa aliugua. Wakamhamishia Meru, kando ya mto Ura, na huko akajifunza kuwinda, akapata dume wa mwituni, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Wiki chache baadaye aliwavusha mto akawaleta kambini, Joy awaone. Januari 1961 Elsa alikufa kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Watoto wake, bila mama wa kuwafundisha, waliingia katika mbuzi wa wanakijiji. Mwenye mbuzi alikuwa na haki yake, na mmoja wa wale simba, Jespah, alibaki na ncha ya mshale mwilini. Ikabidi wakamatwe na kuhamishiwa Serengeti, Tanganyika, ambako Joy na George waliwatafuta kwa miezi mingi.

Kitabu cha Elsa, Born Free, kilichotoka mwaka 1960, kilisomwa duniani kote, na filamu ya mwaka 1966 ikashinda tuzo mbili za Oscar. Joy aliyaelekeza mapato yake katika mfuko wa kuhifadhi wanyamapori, na Meru, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka huohuo wa filamu, ni miongoni mwa mahali palipofaidika.

Hakutulia. Alimlea duma aliyeitwa Pippa, naye akamrudisha porini Meru. Mwaka 1969 ajali ya gari iliuharibu mkono wake wa kulia, ule wa brashi na piano. Nyumbani kwake Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, akageukia mbega waliokuwa wakiishi mitini. George alikuwa huko Kora pamoja na simba wake. Wawili hao hawakuweza kukaa pamoja muda mrefu, ingawa hawakuachana.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa na chui, Penny, katika hifadhi ya Shaba. Huko ndiko alikouawa, Januari 3, 1980. Habari za kwanza zilizoenea zilisema ameuawa na simba. Polisi walipochunguza waligundua kuwa majeraha yalikuwa ya silaha yenye ncha kali, na kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake akahukumiwa kwa mauaji hayo. Kitabu chake kuhusu Penny kilitoka mwaka huohuo, wakati mwandishi wake hayupo tena.