Ulezi wa mabinti wa kaya maskini

Ulezi wa mabinti ni mpango ambao mwanamke aliyewazidi umri kidogo, aghalabu wa kijiji au mtaa uleule, hukutana kwa ratiba na wasichana wa takriban miaka 11 hadi 20 kutoka kaya zisizo na uwezo. Lengo ni wabaki shuleni, wasiolewe wala kuzaa mapema, na wajue pa kuanzia katika kutafuta riziki. Katika Afrika Mashariki na Kusini, mingi ya mipango hii huendeshwa na mashirika kwa fedha za wafadhili.

Chimbuko

Malezi ya namna hii si mageni. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, binti aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, aliyemfunza usafi wa hedhi, adabu na mambo ya unyumba. Kwa Wazaramo na Wamakonde kazi hiyo ni ya kungwi katika unyago. Tofauti ni mwisho wa safari: somo alimwandaa mwali kuolewa, mlezi wa leo anataka harusi isubiri kwanza.

Camfed na walezi waliopita njia hiyo

Shirika la Camfed lilianzishwa na Ann Cotton mwaka 1993 nchini Zimbabwe kwa kuwalipia wasichana 32 gharama za shule, likaingia Tanzania mwaka 2005. Walezi wake ni wasichana wa vijijini waliomaliza sekondari, wengi wao kwa ufadhili huohuo. Hurudi katika shule za maeneo yao kufundisha stadi za maisha na kuwafuatilia watoro majumbani, jambo ambalo mwalimu mwenye darasa lililofurika hapati nafasi ya kulifanya. Kazi ni ya kujitolea, lakini haiishii kwenye shukrani: mlezi anaweza kukopeshwa mtaji bila riba na kupata cheti cha Uingereza cha BTEC kinachomfungulia mlango wa chuo. Angeline Murimirwa, miongoni mwa wasichana wa mwanzo kufadhiliwa Zimbabwe, baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa shirika zima.

Klabu za BRAC

BRAC, shirika la Bangladesh, lilileta klabu zake Uganda mwaka 2008 kwa wasichana wa miaka 14 hadi 20, wakiwemo walioacha shule. Klabu huongozwa na mlezi, na huwa na chumba chake maalumu kijijini, kinachofunguliwa mchana siku 5 kwa wiki baada ya saa za masomo. Kuna michezo na nyimbo, na kuna mazungumzo ya mambo yasiyosemwa mbele ya baba: hedhi, ujauzito, VVU, ubakaji, haki za mwanamke. Kisha huja ufundi, kama kushona, kusuka nywele au kufuga kuku.

Matokeo

Klabu za BRAC nchini Uganda ni miongoni mwa zilizochunguzwa kwa makini. Katika utafiti wa jamii 150, ambapo 100 zilipewa klabu na 50 hazikupewa, baada ya miaka minne mimba za utotoni zilikuwa zimepungua kwa takriban theluthi moja, na wasichana wengi zaidi walikuwa na shughuli za kuwaingizia kipato. Sierra Leone, wakati Ebola ilipofunga shule, klabu za BRAC ziliwakinga mabinti wa vijiji vilivyoathirika zaidi dhidi ya mimba na kuacha masomo.

Tanzania, klabu zilezile hazikuleta mabadiliko ya maana isipokuwa katika kuweka akiba. Watafiti walinyooshea kidole uhaba wa rasilimali katika utekelezaji. Nchini Zambia, mpango wa AGEP (2013–2017), wa vikundi vya mabinti vya kila wiki, uliwaongezea wasichana maarifa na akiba, lakini ndoa na mimba zikabaki palepale. Matokeo haya yanawasuta wanaodhani maneno mazuri ya kila wiki yanatosha kwa binti ambaye nyumbani kwao hakuna unga. Ndiyo maana mpango wa AGI-K, uliofanyika Kibera na Wajir nchini Kenya kuanzia 2015, ulijaribu kuchanganya vikundi vya mabinti na fedha taslimu kwa familia zinazowapeleka watoto shule.

Wavulana

Mipango michache huwahusisha wavulana pia.

Hali ya sasa

Nchini Tanzania, ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia 2016, lakini sare, nauli na chakula cha mchana bado ni mzigo wa mzazi. Novemba 2021 Wizara ya Elimu iliruhusu walioacha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida, hatua iliyoongeza kazi ya walezi: binti anayerudi na mtoto nyumbani anahitaji mtu wa kumtetea kwa wazazi na kwa walimu pia. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) na UNICEF wameendesha mpango wa Ujana Salama kwa vijana wa jinsia zote kutoka kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, wakiunganisha mafunzo, mlezi na ruzuku ndogo ya kuanzia mradi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mpango wake wa DREAMS wa kuwakinga wasichana na VVU, uliokuwa na walezi wa mabinti katika nchi kadhaa za Afrika, ulikuwa miongoni mwa iliyotikiswa.