Hans Cory: Mzungu aliyeandika siri za unyago wa Wanguu

Ukifika Mkata kwa basi la Dar–Tanga, njia ya Handeni inakupeleka hadi milima ya Nguu, ambayo leo iko Kilindi. Mwaka 1944 Hans Cory alichapisha makala kuhusu sanamu ndogo wanazofundishiwa wari wa Kinguu.

Cory (1888–1962), mzaliwa wa Vienna, alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika. Ndiye pia aliyeandika sheria za mila za Wasukuma na, akiwa na mwenzake, za Wahaya.

Makaratasi yake yapo maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana. Yaani mambo ya kungwi na mwari wake, leo hata ambaye hajachezwa anayasoma, mradi Kiingereza kinapanda.